Mwongozo wa matibabu ukibadilika, nani ataijulisha kompyuta?

MTOTO wa kilo 12 anapofikishwa hospitalini akiwa na malaria kali, dawa ya kwanza anayostahili ni sindano ya atesuneti. Hadi mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza apewe miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani miligramu 28.8. Mwaka huo shirika hilo lilibadili kipimo kwa watoto wote walio chini ya kilo 20, kikawa miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto yule yule sasa anastahili miligramu 36.

Tabibu anayetumia kitabu cha kabla ya mwaka 2015 atampa dawa pungufu kwa asilimia 20. Kompyuta ambayo hakuna aliyeijulisha itafanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kitabu huonyesha umri wake: jalada limechakaa, kurasa zimelegea, na mwaka wa kuchapishwa umeandikwa mbele. Kompyuta haizeeki usoni. Hutoa jibu la mwaka 2014 kwa kioo kile kile kinachong'aa na kwa uhakika ule ule.

Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hili limekwisha kutoka katika mijadala ya vyuo vikuu na kuingia zahanati. Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022, vituo 40 vya huduma za msingi katika mikoa ya Mbeya na Morogoro vilishiriki utafiti wa programu iitwayo ePOCT+. Nusu ya vituo hivyo vilipewa vishikwambi vyenye programu hiyo, na nusu nyingine viliendelea na utaratibu wa kawaida. Utafiti uliendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mbeya, Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao wa Uswisi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024. Katika vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye programu, walioandikiwa walikuwa 23 kati ya 100, na kiwango cha watoto ambao hawakupata nafuu kilikaribia kulingana pande zote mbili.

Haya ni matokeo makubwa, hasa nyakati hizi ambapo vimelea sugu vinazidi kuzishinda dawa. Lakini yanamaanisha pia kwamba ushauri wa mashine ulifuatwa. Mashine inayofuatwa inapokuwa sahihi huleta faida kubwa, na inapopitwa na wakati huleta hasara ya kiasi hicho hicho. Kwa hiyo swali la nani anaihuisha ni la usalama wa mgonjwa kabla ya kuwa la ufundi.

Mafinga, mji ulioko mkoani Iringa katika barabara kuu ya kwenda Zambia, kati ya Morogoro na Mbeya, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Mji uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na misitu ya kupandwa ya Sao Hill na mashamba ya chai ya Mufindi, na baridi yake ya Juni na Julai haihitaji maelezo kwa aliyewahi kushuka pale usiku akiwa na shati la Dar es Salaam. Malaria ni chache kuliko katika maeneo mengi ya nchi. Kinyume chake, maambukizi ya virusi vya UKIMWI (VVU) mkoani Iringa yalikuwa asilimia 11.1 ya watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Mwongozo ulioandikwa kwa nchi nzima hukutana hapa na mazingira ya namna yake.

Kitabu kilivyoingia katika mashine

Katikati ya miaka ya 1990, WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) walitunga utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa chini ya miaka mitano, ambao wahudumu wa afya wanaujua kwa kifupi cha IMCI. Badala ya kutibu homa peke yake au kikohozi peke yake, mhudumu huuliza na kupima mambo yote kwa mpangilio. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea, mwaka 1996. Tathmini iliyolinganisha wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini na jirani zao ambazo hazikuwa zimeanza ilionyesha kuwa vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kulikotumika utaratibu huo.

Tatizo lilikuwa kitabu chenyewe. Kukifuata ukurasa kwa ukurasa huku foleni imefika mlangoni kunahitaji subira ambayo wengi hawana. Ndipo wazo la kukiingiza katika kompyuta ndogo ya mkononi lilipokuja. Matokeo ya jaribio la kwanza mkoani Mtwara yalichapishwa mwaka 2008 na yalionyesha kwamba watabibu walifuata hatua nyingi zaidi za mwongozo kuliko walipotegemea karatasi na kumbukumbu. Baadaye ulifuata mfumo wa ALMANACH, uliojaribiwa Dar es Salaam, kisha ePOCT, ulioongeza vipimo kama kile cha oksijeni cha kidoleni na cha protini ya CRP katika damu. Majaribio ya ePOCT kwa watoto zaidi ya 3,000 jijini humo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliteremsha matumizi ya antibiotiki hadi asilimia 11.5, dhidi ya asilimia 29.7 kwa waliotibiwa kwa ALMANACH. ePOCT+ ya Mbeya na Morogoro ni mtoto wa ukoo huo, na imepanuliwa ihudumie watoto hadi miaka 14.

Kuugeuza mwongozo kuwa programu ni kazi ya kuondoa utata. Kitabu kinaweza kusema "mtoto anayepumua haraka" na tabibu akaelewa. Mashine hutaka namba: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59. Hutaka pia kujua ifanye nini iwapo umri haujulikani, iwapo mtoto analia, iwapo kipimo kimekwisha stoo. Kila neno lenye utata hulazimika kuamuliwa na mtu, na uamuzi huo, ambao haumo katika kitabu, huishi ndani ya programu. Mwongozo unapobadilika, si maandishi tu yanayopaswa kupitiwa upya, bali pia maamuzi hayo yaliyojificha.

Mabadiliko yanavyokuja

Na mwongozo hubadilika. Kuhusu malaria isiyo kali, Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. Kuhusu VVU, WHO ilielekeza dawa zianze chembe za CD4 zikishuka hadi 350 mwaka 2010, ikapandisha kiwango hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 ikasema kila aliyeambukizwa aanze mara moja. Tanzania ilianza kutekeleza hilo mwaka 2016. Mfumo wa kompyuta uliojengwa mwaka 2010 kwa umakini wote ungekuwa umepitwa mara mbili kabla ya miaka sita kutimia.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walipitia miongozo 17 ya tiba ya nchi yao na kukadiria kwamba nusu ya miongozo hupitwa na wakati ndani ya miaka 5.8. Walishauri kila mwongozo upitiwe angalau kila baada ya miaka mitatu. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu wa Tanzania ulitolewa mwaka 2013, 2017 na 2021, mwendo ambao hauko mbali sana na ushauri huo. Lakini kati ya toleo na toleo hutoka nyaraka za mipango ya malaria, kifua kikuu na UKIMWI, na nyaraka hizo ndizo zinazoisumbua kompyuta zaidi, kwa kuwa hazisubiri toleo jipya la kitu chochote.

Badiliko la namba, kama lile la atesuneti, ndilo jepesi kuliko yote, ingawa nalo lina mtego. Kwa kanuni ya sasa, mtoto wa kilo 19 hupata miligramu 57, na wa kilo 20 hupata 48. Mzito anapewa dawa kidogo kuliko mwepesi. Mtaalamu wa kompyuta asiye na tabibu pembeni atadhani ni kosa, na akiwa mwema atalisahihisha. Si kosa: miili ya watoto wadogo huipokea dawa hiyo kwa namna tofauti, na mpaka ulipaswa kuwekwa mahali fulani.

Badiliko gumu zaidi ni la mpangilio. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa katika eneo la malaria nyingi alitibiwa malaria bila kipimo. Mwaka 2010 WHO ilisema apimwe kwanza. Katika kitabu hiyo ni sentensi moja. Katika programu ni tawi zima jipya: kipimo kikionyesha hana, homa inatoka wapi? Maswali ambayo zamani hayakuwa na haja ya kuulizwa yalilazimika kuandikwa, na yote yaliyokuwa yakitegemea jibu la zamani yakayumba.

Gumu kuliko yote ni pale neno linapobaki lile lile huku maana yake ikihama. Mtoto mwenye kikohozi ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa aliitwa zamani mwenye nimonia kali, na alipaswa kupelekwa hospitali. Katika marekebisho ya WHO ya mwaka 2014 mtoto huyo, kama hana dalili nyingine za hatari, huitwa mwenye nimonia tu, na hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kunywa. Programu iliyosasishwa nusu inaweza kumwita kwa jina jipya na bado ikampa rufaa ya zamani. Au, vibaya zaidi, ikamrudisha nyumbani mtoto ambaye bado anastahili rufaa.

Nao wapo. Marekebisho yale yale yanasema kwamba mtoto mwenye VVU, au aliyezaliwa na mama mwenye VVU, akibonyea kifua apewe dozi ya kwanza na apelekwe hospitali. Aidha yanaruhusu nimonia ya kupumua haraka itibiwe kwa siku tatu badala ya tano mahali penye VVU kidogo. Je, Iringa ni mahali penye VVU kidogo? Takwimu zilizotajwa hapo juu zinajibu. Programu yenye kigezo kimoja cha nchi nzima, kilichowekwa na mtu anayetazama wastani wa taifa, ingeweza kumpa mtoto wa Mufindi siku zisizomtosha. Hilo halionekani kwa kutazama kioo. Linaonekana kwa kufungua kanuni na kuuliza namba hii imetoka wapi.

Mfano mwingine wa mahali ni oksijeni. WHO huhesabu kwamba mgonjwa ana upungufu mkubwa wa oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90. Lakini katika miinuko, hata mtu mzima wa afya husoma chini kidogo kuliko aliye pwani, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kiwango cha hadhari kilichochaguliwa baada ya kuwapima watoto wa Dar es Salaam kinastahili kujadiliwa upya kabla hakijapanda mlima Kitonga. Sisemi kitakuwa si sahihi. Ninasema lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kutenganisha tiba na kompyuta

Wataalamu walilijua tatizo hili mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1989 walikutana katika jumba la Arden House, jimbo la New York, wakatunga lugha ya pamoja ya kuandikia kanuni za tiba kwa ajili ya kompyuta, ambayo hadi leo huitwa sintaksia ya Arden. Kila kanuni katika lugha hiyo ina sehemu tatu, na ya kwanza haihusu ugonjwa wowote. Inahusu matunzo: jina la kanuni, toleo lake, aliyeiandika, tarehe, na iwapo imethibitishwa au bado inajaribiwa. Watu wale waliona kwamba kanuni isiyo na tarehe haina pa kuaminiwa. Walichoshindwa kukitatua ni mambo ya mahali. Jinsi kila hospitali inavyohifadhi matokeo ya vipimo iliachwa ndani ya mabano, kila mahali wayajaze wenyewe, na kwa sababu ya mabano hayo kanuni ya hospitali moja ilisafiri kwa shida kwenda nyingine.

Mifumo ya sasa imekwenda hatua mbele kwa kutenganisha maarifa ya tiba na programu inayoyaonyesha. Katika familia ya ePOCT+, kuna chombo kimoja ambamo madaktari huchora matawi ya maamuzi wenyewe bila kuandika lugha ya kompyuta, na chombo kingine, kilicho mikononi mwa tabibu, ambacho huyasoma matawi hayo na kuyaonyesha. Kipimo cha dawa kikibadilika, hakuna haja ya kumtafuta mtaalamu wa kompyuta aijenge programu upya. Kwa maoni yangu huu ndio uvumbuzi wenye thamani kubwa katika mradi ule, ingawa hauvutii vichwa vya habari kama asilimia za antibiotiki.

Urahisi wa kubadili, hata hivyo, ni urahisi wa kukosea pia. Kinga yake inajulikana: kundi la wagonjwa wa kubuni, mamia yao, ambao majibu yao sahihi yameandikwa na madaktari kabla. Kila badiliko likifanywa, wote hupitishwa tena ndani ya mfumo, na kila jibu lililogeuka bila kukusudiwa husimamisha kazi. Mtoto wa kilo 19 na wa kilo 20 lazima wawemo. Mtoto wa miezi 11 na wa miezi 12 lazima wawemo. Na mtoto wa mama mwenye VVU anayebonyea kifua ni lazima awemo.

Kisha toleo jipya lazima lifike. Mjini Mafinga mtandao si shida kubwa, ila katika zahanati za mbali kishikwambi kinaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na mtandao wa kutosha. Ikiwa zahanati mbili za tarafa moja zina matoleo mawili, mama mwenye watoto wawili wenye ugonjwa mmoja anaweza kupewa maelekezo mawili, na hatailaumu kompyuta; atamlaumu mhudumu. Kwa sababu hiyo toleo na tarehe vingepaswa kuonekana kwenye kioo muda wote, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani anazisoma, na rekodi ya kila mgonjwa ibebe namba ya toleo lililomtibu. Bila namba hiyo, hata takwimu hupotosha: nimonia kali "itapungua" wilayani mwaka ambao watoto ni wale wale na jina pekee ndilo lililobadilika.

Nani mwenye kazi

Mengi ya majaribio haya yalikuja kwa njia ya miradi, yenye fedha za nje na tarehe ya kumalizika. Mradi ukifungwa, madaktari waliokuwa wakihuisha kanuni hurudi kwenye kazi zao nyingine, na vifaa hubaki mezani vikiendelea kushauri. Hapo ndipo hatari ilipo. Kazi hii inahitaji kikosi kidogo cha kudumu chini ya Wizara ya Afya: daktari wa watoto, mfamasia, mtaalamu wa mifumo, na mtu kutoka kila mpango wa magonjwa, wenye mamlaka ya kusema kuanzia tarehe fulani toleo fulani lisitumike tena. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na vishikwambi vyenyewe, lakini ni gharama ya kila mwaka, na bajeti zetu hupenda vitu vinavyozinduliwa kwa kukata utepe.

WHO nayo imeanza kubeba sehemu ya mzigo. Tangu mwaka 2021 imekuwa ikitayarisha miongozo katika hatua tano, kuanzia maandishi ya kawaida, kupita katika maelezo yanayoeleweka kwa watu wa tiba na wa kompyuta kwa pamoja, hadi kanuni ambazo mashine inazisoma moja kwa moja na hatimaye zinazoweza kuboreshwa kwa takwimu mpya. Nchi ikipokea hatua ya tatu tayari, inapunguza kazi ya kutafsiri kila badiliko upya. Haipunguzi kazi ya kuamua kuhusu siku tatu au tano.

Badiliko kubwa linaloweza kufuata huenda likatoka upande wa malaria. Uchunguzi uliofanyika wilayani Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 na kuchapishwa mwaka 2024 ulithibitisha vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya atemisinini, ingawa dawa mseto bado iliponya walio wengi. Ikiwa siku moja tiba ya kwanza itabadilishwa, Karagwe watalijua badiliko hilo upesi, kwa kuwa wanatibu malaria kila siku. Mafinga wagonjwa wa malaria ni wachache, na wengine hufika na mabasi wakitoka mabondeni. Tabibu anayeandika dawa hiyo kwa nadra ndiye atakayetegemea zaidi kile kioo kinachomwambia.